Bilauri Yenye Plasta

Kama umetoka juani, umekimbia au umelima au umebeba zege, na mkojo wako umetoka kidogo na rangi yake ni ya chai ya rangi, acha kusoma. Inuka uende hospitali. Ukirudi utanikuta hapa hapa, mimi siendi mbali siku hizi.

Na wakikuuliza huko, sema kweli. Nimeshika kalamu kwa ajili ya hilo tu, mengine yote yatakuja kwa sababu ya hilo.

Naitwa Mwantumu binti Salumu. Nilizaliwa Janga, nikaolewa Mzenga, na sasa nakaa Mkuza kwa binti yangu Zuhura. Watoto wa mtaa huu wananiita Bibi Mkojo, na wala sikasiriki. Mwezi uliopita niliitwa kumwona msichana wa jirani, Shamsa, anayekimbia katika timu ya shule yao. Alikuwa amekaa sebuleni kwao siku mbili, miguu imekuwa migumu kama gogo, babu yake yuko pembeni, wajomba wako pembeni, na kila akiulizwa kitu anasema hajambo. Nikawatoa nje wote, hata babu yake. Tulipobaki wawili nikamwuliza swali moja, akaanza kulia. Basi baada ya hapo nikasema, hili niliandike, kwa sababu sitakuwapo kila sebule.

Kusoma nilijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, miaka ile tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Aliyetufundisha ni Mwalimu Lusekelo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, anacheka na meno yote. Huyo huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo wa kijiji. Alinifundisha kuandika jina langu, na alinifundisha kukimbia bila maji. Kwa lile la kwanza namshukuru mpaka leo.

Ilikuja amri kwamba kila kijiji kitoe wanawake wa kukimbia katika sherehe za wilaya. Mbio zitaanza Mlandizi, zifuate lami mpaka Mkuza. Mshindi atapewa cherehani. Mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wenye miguu, na kwetu alifika wakati baba mkwe wangu, Mzee Mwinyikondo, amekaa barazani anasuka ukili. Mzee yule alikuwa mtu wa msikiti, na mtu wa maneno machache. Tangu niolewe miaka minne, sikumbuki kama aliwahi kuniambia zaidi ya marahaba, asante na fungeni mlango. Mimi nami nilikuwa nikipita mbele yake napiga goti, macho chini. Ndivyo tulivyoheshimiana. Mwenyekiti akasema anamtaka mkamwana wa mzee akimbie. Mzee akasuka, akasuka, halafu akauliza, "Atavaa nini?" Akaambiwa bukta. Akakunja ukili wake akaenda kuswali alasiri, na ile ndiyo ilikuwa ruhusa.

Tulikuwa wanne: mimi, Asha Mfaume, Pili Kondo na Stumai wa Mzee Chande. Mazoezi yalikuwa saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu Mwalimu Lusekelo alisema mbio zitakuwa za jua na mwili uzoee. Alituwekea kokoto ndogo chini ya ulimi ili mate yatoke. Mtungi wa maji aliuweka mwisho wa njia, akaukalia jirani kwa kiti chake. Aliyefika hakunywa mpaka akae, atulie, jasho likauke. Aliyekunywa kabla alirudia njia yote. Alikuwa akituambia kwamba maji yanazima moto wa miguu, yanamwongezea mtu uzito, yanamletea kichomi. Naye hakuyatunga. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, na waliomfundisha walifundishwa hivyo hivyo.

Asha alilalamika. Pili alikuwa akijificha nyuma ya mkorosho anakunywa kwenye dimbwi. Mimi sikulalamika hata siku moja, na nitakwambia sababu. Nilipokuwa mwali, somo yangu alikuwa Bi Chausiku wa Janga, mwanamke mkali mwenye sauti ya chini. Yeye alinifunza kwamba mwanamke aliyelelewa hatamki mambo matatu mbele ya wanaume: kiu, njaa na haja. Ukiona kiu, unasubiri. Ukiona haja, unasubiri. Alikuwa akiniwekea kata ya maji mbele ya macho yangu, anakaa anazungumza habari nyingine, na nikiitupia jicho tu ananifinya paja. Nilifuzu. Kwa hiyo Mwalimu Lusekelo aliponisifia mbele ya wenzangu, akasema tazameni Mwantumu haombi maji, mimi nilijua sifa ile ni ya Bi Chausiku.

Siku ya mbio ilikuwa kiangazi kikali, kabla tu ya masika, ule wakati ambao mawingu yanakuja yanachungulia yanakwenda zao. Lori lilituchukua Mzenga asubuhi, tukafika Mlandizi, tukasimama juani tukisikiliza hotuba mpaka jua likapanda. Nilikuwa nimekunywa chai kikombe kimoja alfajiri, basi.

Nilitangulia tangu mwanzo. Lami ilikuwa laini, inanata kwenye raba. Tulipofika Visiga wanawake walikuwa wametoka na ndoo na kata wakitupa maji, kwa huruma yao tu, hakuna aliyewatuma. Mama mmoja alikimbia sambamba nami, kanga inamvuka, mkononi ana kata. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, Mama Kibwana.

"Kunywa, mwanangu," akaniambia. "Midomo imepauka hiyo."

Nikatikisa kichwa. Alikimbia nami mpaka maji yote yakamwagika njiani, akabaki ameshika kata tupu.

Baada ya hapo jasho lilikata. Nilijipangusa uso nikakuta chumvi, kama mtu aliyetoka kuogelea baharini. Vipele vya baridi vikanitoka mikononi, kwenye jua lile, nikafurahi, nikadhani moto umeingia miguuni. Nilikiona kile kitambaa cha mwisho pale Mkuza, cha kijani, kimefungwa kwenye miti miwili. Nikaona kinakwenda kushoto, nami nikakifuata kushoto, kumbe kimetulia na mimi ndiye ninayekwenda mtaroni.

Wanasema nilianguka kama mtu aliyepigwa rungu. Walinimwagia maji, wakanipa maji mengi ninywe, nikatapika yote. Cherehani ilikwenda kwa binti mmoja wa Soga. Jioni ile ile wakanirudisha Mzenga kwenye lori, nimelala juu ya magunia, Asha amenishika kichwa.

Asubuhi yake sikuweza kukunja magoti. Mapaja yalikuwa magumu, ukiyabonyeza utadhani unabonyeza mti. Nikaenda chooni kwa kushika ukuta, na kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nikakifukia kwa majivu. Siku iliyofuata hakikutoka kitu.

Mume wangu Athumani alikuwa kibarua wa reli, yuko mbali huko kambini, anarudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani nilikuwa na Zuhura, mtoto wa miaka miwili, na baba mkwe. Mama mkwe alikwisha kufariki. Basi ni yule mzee ndiye aliyenipakia nyuma ya baiskeli, yeye akiisukuma kwa miguu, mpaka zahanati.

Chumba cha mganga kilikuwa kidogo. Mimi nimekaa kwenye benchi, mzee amesimama nyuma yangu kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa bila kushikwa. Mganga alikuwa kijana mwenye adabu, jina lake Hamisi. Akapima homa, akanibonyeza miguu, akauliza maswali yake yote, na la mwisho akauliza, "Mkojo unatoka vizuri, dada?"

Nilimsikia baba mkwe akivuta pumzi nyuma yangu. Nilihisi masikio yananiwaka.

"Unatoka," nikasema.

"Rangi yake?"

"Ya kawaida."

Akaandika. Akanipa vidonge vya homa na vya maumivu, akaniambia nipumzike, ninywe maji mengi, kwa sababu jua limenikausha. Na kwa yale niliyomwambia, alikuwa na haki. Sina neno naye. Maneno mawili tu niliyasema pale, na yote mawili uongo, na nilitoka nikijisikia mwanamke mwenye heshima zake.

Nikanywa maji. Wee, nilikunywa. Nilikuwa na kiu mpaka naota maji, na sasa nimeambiwa ninywe, basi nikamaliza mtungi. Hakuna kilichotoka. Siku ya tatu macho yalivimba. Siku ya nne pete haitoki kidoleni, na nikibonyeza mguu alama ya kidole inabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Zuhura akawa ananiogopa, anamkimbilia babu yake. Pumzi ikawa fupi, nikilala chali nazama.

Athumani alirudi siku hiyo bila kujua lolote. Aliingia uani akanikuta nimekaa kwenye mkeka, akanisalimia kama anavyomsalimia mgeni. Nikamwitikia, ndipo alipoijua sauti. Aliangusha mfuko wake, akatoka mbio kutafuta gari, akapata lori la mkaa.

Hospitali ya Mlandizi tulikaa kwenye benchi tangu saa nne mpaka saa nane. Aliyekalia benchi ndiye anayelijua benchi. Nilizihesabu nyufa za saruji sakafuni. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye mtoto wa degedege, kwa hiyo sikuona ajabu kutangulizwa yeye. Mama yangu mzazi, Bi Tatu, alipata habari kule Janga akafika kabla hatujaitwa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumgeukia baba mkwe wangu mbele ya watu wote wa foleni.

"Mlimwoa mwanangu," akamwambia, "au mlinunua punda?"

Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi, anatazama mlango ule watakaotokea kutuita.

Aliyenipokea wodini ni Sista Perpetua, Mngoni wa Songea, mnene, mikono ya baridi. Alivuta pazia la kijani kunizunguka, akanifunua tumbo, akaligonga kwa vidole, akainama karibu na sikio langu.

"Mara ya mwisho kukojoa lini?"

Sijui ni kwa sababu ya pazia, au kwa sababu alikuwa mwanamke mwenzangu. Nikamwambia siku tatu kamili. Nikamwambia na ile rangi. Akasimama wima.

"Zahanati hawakukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema unatoka."

"Kwa nini, mama?"

"Baba mkwe alikuwepo."

Pazia lile lilikuwa kitambaa tu. Lilipofunguliwa mzee alikuwa amesimama upande wa pili, pale pale, na fimbo yake. Nilijua amesikia kwa jinsi alivyokuwa ameangalia sakafu. Aligeuka akatoka, hakusema kwaheri kwa mtu. Mama yangu akasema, umeona, amekasirika, watakuacha hao. Nami nikaamini.

Waliniwekea mpira wa mkojo, ukakaa siku mbili ukatoka mkavu, wakautoa wakiogopa usiniletee uchafu mwingine. Daktari alikuja, akamwambia Athumani kwamba figo zimelala. Huenda zitaamka, huenda hazitaamka. Hakuna dawa ya kuziamsha, akasema, kuna kusubiri na kuna kutozichokoza. Akasema tunasubiri kitu kimoja tu, nao ni mkojo. Ukitoka, nitarudi nyumbani. Usipotoka ndani ya wiki mbili tatu, alitazama chini. Athumani akaniletea maneno yale kitandani kama alivyopewa, hakuyapamba. Namheshimu kwa hilo.

Kisha wakaninyima maji.

Hapa nawaambia wenzangu mlio na ugonjwa huu, kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Ulikauka ukaharibika, na sasa wanakukausha tena. Inaonekana wazimu, lakini maji yakiingia na hayana pa kutokea, yanakwenda mapafuni. Sista Perpetua alileta bilauri moja ya kioo, akabandika kipande cha plasta katikati yake. Mpaka hapa asubuhi, akaniambia, mpaka hapa jioni. Chai ni humo humo, uji ni humo humo, na maji ya kumezea dawa ni humo humo. Aliiweka dirishani niione. Bi Chausiku wangu alirudi kutoka Janga, nikasema, amevaa nguo nyeupe.

Chakula kilikuwa wali mkavu usio na chumvi. Ulimi ulikuwa umegeuka kipande cha ngozi. Ladha ya chuma mdomoni, ngozi inawasha, na harufu yangu mwenyewe ilinibadilika, nikinuka kama banda la mbuzi. Sista alikuwa akinilowanishia midomo kwa pamba, na ile pamba niliinyonya mara moja akanigundua, akacheka, akaniambia hiyo nayo ataikata kwenye bilauri.

Masika yakaanza. Siku ya sita ya hospitali mvua ilipiga bati mchana kutwa, maji yanatiririka kwenye mfereji chini ya dirisha langu, na mimi nina nusu bilauri ya kunisogeza mpaka magharibi. Jirani yangu wa kitanda, Mama Anjela, aliyevunjika mguu, alinitazama nikitazama mvua.

"Shoga," akaniambia, "mimi hapa naomba chombo kila saa. Kama ingewezekana kugawana ningekugawia."

Tulicheka mpaka nikakosa pumzi, Sista akaja kutugombeza. Mama Anjela alikuwa Mchaga, mke wa mtu wa ofisi ya mkoa. Alikuwa akigeukia ukutani kila alipokunywa maji, siku zote, bila kuambiwa, ili nisimwone.

Mama yangu hakuweza kuvumilia. Alikuwa anakuja kutoka Janga kila alasiri na kila alasiri ananikuta nimekauka midomo. Akasema uzungu gani huu wa kumnyima mgonjwa maji. Huko kwetu mgonjwa yeyote hupewa dafu, awe wa homa, awe wa kuharisha, awe mzazi. Mimi mwenyewe nilinyweshwa dafu kabla ya ziwa la mama. Siku ya nane alikuja na chupa ya chai chini ya kanga, akasubiri Sista atoke, akanimiminia kwenye kifuniko.

"Kunywa upesi. Dafu ni maji ya Mungu, hayajapita mkononi mwa mtu."

Nilijua sikutakiwa. Nilikunywa vifuniko vinne. Sijawahi, kabla wala baada, kunywa kitu kitamu vile. Nililia nikinywa.

Baada ya swala ya alasiri moyo ukaanza kuruka. Unapiga, unasimama, unapiga mara tatu pamoja kama mtu anayekosea ngoma. Mikono ikafa ganzi. Sista Perpetua akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akamtazama mama, akaiona chupa.

"Umempa nini?"

Mama akanyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kumficha mama yangu. Sista akaninong'oneza, hakunipigia kelele.

"Ulinyamaza mara ya kwanza ukafika hapa. Nyamaza tena."

"Dafu," nikasema. "Vifuniko vinne."

Akakimbia. Wakanichoma sindano kwenye mshipa, polepole, daktari mwenyewe ameshika, na nyingine baada yake. Moyo ulirudi kwenye mstari taratibu. Daktari akamweleza mama kwamba dafu kwa mtu mwenye afya ni dawa, na kwa mwenye figo zilizolala ni sumu, kwa ile chumvi yake iliyofichika ambayo figo ndizo huitoa, na isipotoka inavuruga moyo. Mama aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama msibani. Tangu hapo hadi anakufa hakuwahi kumpa mtu dafu bila kumwuliza kwanza kama anakojoa.

Siku ya tisa, ya kumi. Athumani alirudi reli kwa sababu ruhusa iliisha. Mto Ruvu ulikuwa umefurika, barabara ya Mzenga imekatika, kwa hiyo hata habari za Zuhura sikuzipata. Mwalimu Lusekelo alifika kabla ya mafuriko, amevaa suruali yake ya Jumapili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, hakucheka. Alimwuliza Sista mambo mengi na kuandika katika daftari, kama mwanafunzi. Alipoondoka aliniambia kwamba kokoto zile amezitupa. Baba mkwe sikumwona. Nikawa nahesabu siku zake pia. Nilikuwa nimekwisha kupanga moyoni jinsi nitakavyorudi Janga, mtoto mgongoni, nikijaliwa kurudi kokote.

Siku ya kumi na mbili, saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ya wanawake ukafunguliwa na Mzee Mwinyikondo akaingia. Kanzu ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amemwacha Zuhura kwa Asha, akavuka mafuriko kwa mtumbwi wa watu wa mpunga na kutembea kutoka ng'ambo mpaka Mlandizi. Wodi ilikuwa imejaa, wageni kila kitanda, na wanawake wakajifunika mitandio kwa heshima yake. Nilitaka kushuka nipige goti, mwili ukakataa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasimama mwisho wa kitanda, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kisha akauliza, kwa sauti ile anayoadhinia, wodi nzima ikasikia.

"Mwanangu, umekojoa?"

Mama Anjela aliacha kutafuna. Mzee yule jasho lilikuwa linamtoka, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake, yalikuwa usoni kwangu.

"Bado, baba," nikasema.

"Haya," akasema. "Nitakuuliza kesho."

Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje. Alilala msikitini, na asubuhi alikuja akaniuliza. Nikasema bado. Siku ya tatu yake akaniuliza, nikasema bado, na yeye akasema haya, nitakuuliza kesho, kama mtu anayezungumzia mvua. Mama yangu alimletea chakula kwenye bakuli siku ile, akamwekea na maji ya kunawa. Hawakuzungumza, lakini alimwekea.

Siku ya nne asubuhi niliamka tumbo la chini linauma, maumivu niliyoyasahau. Nikamwita Sista. Alivuta pazia, akaleta chombo, akanishika kiuno. Nilikaa pale muda mrefu, na nilisikia. Sauti ile naweza kuitambua hata nikiwa kaburini. Sista alimimina kwenye bilauri ile ile yenye plasta. Haikufika kwenye plasta. Tuliitazama bilauri sote wawili, imewekwa dirishani na jua la asubuhi nyuma yake.

Alipofika sikungoja salamu.

"Nimekojoa, baba."

"Kiasi gani?"

"Chini kidogo ya plasta."

"Rangi gani?"

"Rangi ya watu wote, baba."

Akasema alhamdulillahi. Aligeukia ukutani, mabega yanatikisika, na wodi nzima wakajifanya wanatafuta vitu chini ya vitanda.

Yaliyofuata yalikuwa kinyume. Figo zilipoamka ziliamka na wazimu, nikawa natoa maji ndoo kwa ndoo, na sasa hofu ikawa kwamba nitakauka tena. Bilauri ikabadilishwa kazi. Nilitakiwa kunywa kila nilichotoa na zaidi, na si maji matupu, kwa sababu chumvi ya mwili ilikuwa inatoka nayo. Sista alinifundisha kuchanganya: maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari, na chumvi kidogo, uonje kabla ya kunywa. Yakizidi chumvi ya machozi yako, akasema, mwaga uanze upya. Kiasi cha machozi nilikuwa nakijua vizuri. Nilitoka hospitali mpunga ukiwa umeshika mashuke, nimebaki mifupa, nywele zimenyonyoka upande mmoja. Nilipata kulima tena korosho zilipochanua. Kukimbia sikukimbia tena.

Mwaka uliofuata kijiji kilitoa wanawake wengine, Pili na wasichana watatu wapya. Sukari ilikuwa ya foleni wakati ule, lakini Mwalimu Lusekelo alipita nyumba hadi nyumba na kibati, kila mke akatia kijiko. Tulichemsha maji usiku wa kuamkia mbio, nikaonja mimi, wakaonja wengine, tukabishana juu ya machozi ya nani. Tukapeleka ndoo tatu kwa lori, tukazipanga njiani. Ya Visiga tulimwachia Mama Kibwana. Na msaidizi wake, aliyejitolea mwenyewe bila kuombwa, alikuwa Mzee Mwinyikondo.

Nilimwona nikipita na lori kwenda mwisho wa mbio. Alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, kanzu nyeupe, kofia ya vito, mkono wa kulia ameunyoosha mbele na kata imejaa. Wasichana walikuwa wanakuja na bukta zao, mapaja nje, wanahema. Haya ya mzee ilikuwa pale pale. Kichwa alikuwa amekiinamisha kabisa, anatazama vidole vya miguu yake, hamwoni hata mmoja. Lakini mkono ule haukushuka, na kila aliposikia vishindo vya miguu vinakaribia alikuwa anasema kwa sauti, kwa lami ile na kwa kila aliyekuwapo:

"Kunywa, mwanangu. Na ukifika, ukikojoa, tazama rangi."